Gari la Majini Mlangoni Pangu

Sehemu ya sita

Mliniacha Jumatatu nikiwa nusu ndani, nusu nje ya dirisha langu mwenyewe, kitambaa cha kichwa kimenaswa na msumari, na Maggie wa omena, jirani anayeuza dagaa hao, akinivuta mkono huku akicheka mpaka machozi.

Nilitoka. Kitambaa kilibaki na msumari.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza, nitasema kwa ufupi. Mimi ni Mwongeli wa Gatwekera, hapa Kibera. Watu huniita Susu, yaani nyanya kwa Kikamba, hata wale wasio Wakamba. Mwanangu Muema anachomelea vyuma kule Kawangware. Mwaka jana mafuriko yalipobeba daraja letu la mbao, aliona watu wakivushwa mgongoni kwa shilingi hamsini, akapata wazo.

Wazo hilo lina magurudumu manane. Linatumia stima, yaani umeme wa betri, linatembea kwenye tope na linaelea majini. Lilikuwa la hoteli moja ya huko ziwani. Watoto wa hapa wanaliita Chura. Muema alilinunua kwa laki tisa.

Laki tisa zilitoka kwa kuuza shamba la Kitui. Shamba ni langu. Nilitia sahihi kwa mkono wangu, hakuna aliyenishika. Na katika shamba hilo ndipo alipozikwa baba yake Muema.

Sasa kosa letu. Tulipima njia siku ya Jumapili.

Tulitoka ibada ya kwanza, mimi na Muema na futi yake ya kupimia, tukapima kutoka barabara kubwa mpaka mlangoni pangu, na kutoka mlangoni mpaka mtoni. Gari lina upana wa mita moja na nusu. Pale pembamba kabisa njia ilikuwa mita moja na robo tatu. Tukamshukuru Mungu, tukaliingiza jioni ile ile.

Jumatatu watu wakafungua kazi. Meza ya Maggie ikatoka. Kinyozi akashusha kibaraza chake cha mbao. Mama wa chapati akatoa jiko. Njia ikabaki ya mtu mmoja na ndoo yake.

Basi Chura akawa anatoka Jumapili tu, na Jumapili hakuna anayevuka mto kwenda kazini. Siku nyingine zote sita anakaa mlangoni pangu. Mlango wangu hufunguka kwa nje. Ndiyo maana ya dirisha.

Miezi miwili nimeishi hivyo.

Halafu akapatikana mnunuzi, mtu wa Budalang'i anayeitwa Murunga, ambaye kwao mto huingia mpaka chumbani. Alikuwa tayari kutoa laki nane na nusu, na Muema alikuwa amemsimulia kwa simu habari ya shamba. Na Makau, binamu ya marehemu mume wangu, ndiye aliyenunua lile shamba. Alikuwa ametuambia kwamba tukipata laki nane na nusu kabla ya mwisho wa mwezi, ataturudishia hati, nusu laki iliyobaki atatusamehe. Makau si mtu wa maneno mengi, lakini hilo alilisema mara mbili, ili nisije nikafikiri nimesikia vibaya. Sitalisahau.

Mnunuzi alikuwa anakuja Alhamisi. Alhamisi hii ndiyo ninayotaka kuwaungamia.

Kuna jambo ambalo sikuwaambia katika sehemu zote tano zilizopita. Sikumwambia Muema pia.

Chumba kilichopakana na changu ni cha Ogola na mkewe Everlyne. Ogola alipasua mawe machimboni miaka ishirini, na vumbi likabaki kifuani. Hospitali ilimruhusu kurudi nyumbani na mashine ya kumsaidia kupumua. Mashine hiyo hutumia stima. Wiki tatu zilizopita transfoma yetu ililipuka, na mpaka leo tunaangalia nguzo tu.

Siku ya pili baada ya transfoma kulipuka, Everlyne alikuja dirishani pangu. Hakuomba kitu. Aliniletea uji.

"Ogola anaendeleaje?" nikamuuliza.

"Yuko na mtungi mdogo wa hewa, Susu. Ukiisha tutaona."

"Mtungi unajazwa pesa ngapi?"

"Wacha tu, Susu. Kunywa uji kabla haujapoa."

Nikanywa. Mwaka ule upepo ulipong'oa mabati yangu, Ogola alipanda juu akiwa na kikohozi hicho hicho, akayapigilia yote, akakataa hata chai. Nikageuka nikamtazama Chura. Pembeni ya kiti chake kuna soketi, ile ile ya ukutani. Wageni wa hoteli walikuwa wakichomekea vitu vyao.

Waya ulipita kwenye tundu la mabati. Panya ndiye aliyeanza tundu, mimi na Everlyne tukalimalizia kwa kisu. Mashine ikaanza kunguruma upande wa pili. Nikamsikia Ogola akivuta pumzi ndefu.

Na nilikuwa nimemwapia Muema. "Mwaitu," alikuwa ameniambia, na mwaitu ni mama kwetu, "hata simu usichomeke humo. Betri ikichoka, gari ni chuma tu." Nikamwapia kwa kaburi la baba yake.

Gari lina betri mbili. Moja ikiwa ndani, nyingine iko Kawangware inachajiwa. Chaji moja ni stima ya shilingi mia mbili na sabini. Mkokoteni wa kuitoa Kawangware mpaka hapa ni mia tano. Muema alizoea kubadilisha betri mara moja kwa wiki. Ghafla ikawa kila siku ya pili.

"Gari limesimama tu na betri imekufa," alisema. "Inaenda wapi hii stima?"

"Labda ni baridi," nikamjibu.

Hakusema labda ni baridi. Alisema ni Isaac.

Isaac ni fundi wa Kawangware aliyezifungua betri hizo na kuzitengeneza upya. Ni mtu mzima, mpole, ana wajukuu kama mimi. Muema alimwambia mbele ya watu kwamba ametia vitu vya kuokota. Isaac hakugombana. Alizifungua tena bure, akazifunga tena bure, akasema, "Hizi ni nzima. Kuna kitu kinazinyonya."

Nami nilikuwepo. Nilikuwa nashona kifungo. Sikuinua uso.

Jumatano adhuhuri betri iliyojaa ililetwa kwa ajili ya kesho yake. Nilimwambia Everlyne, "Leo hatuchomeki." Akasema sawa, Susu. Baada ya nusu saa nikamsikia Ogola kupitia mabati. Mtu anayetafuta hewa ana mlio wake.

Nikachomeka.

Nilikusudia saa moja. Alhamisi asubuhi bado mashine ilikuwa inanguruma. Everlyne mwenyewe ndiye aliyenikumbusha nichomoe. "Tuna mtungi wa mpaka jioni," alisema. "Betri ya pili inaletwa leo, si ndiyo?"

"Inaletwa saa tisa," nikasema.

Taa ndogo ya gari ilikuwa kijani. Kijani ikigeuka manjano imebaki kidogo. Nyekundu ni kuomba Mungu. Nikajiambia kijani ni kijani.

Murunga alifika saa nne. Alikuwa mnene, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko mwili.

"Habari ya nyumba, Mama?"

"Nzuri, baba. Karibu. Sina mlango wa kukukaribishia, labda upitie hapa dirishani."

Alilitazama dirisha, akajitazama tumbo. "Hapo mimi nitahitaji fundi wa mbao," akasema. Tukacheka wote, hata Muema.

Isaac naye alikuwepo. Muema alimwita kwa sababu mnunuzi alitaka kumwona fundi.

Murunga alizunguka gari mara mbili, akipiga magurudumu teke.

"Linabeba wangapi?"

"Sita, buda," Muema akajibu. "Nchi kavu hata wanane."

"Kwetu petroli ikiisha katikati ya mto, mtu ananirushia chupa. Stima ikiisha, nani ananirushia?"

"Chaji moja ni mia mbili na sabini. Boti ya petroli inakula elfu mbili kwa kazi hiyo hiyo."

"Sijakuuliza bei, kijana. Nimekuuliza nani ananirushia."

Isaac ndiye aliyejibu. "Ndiyo maana ziko betri mbili, mzee. Na weka paneli za sola juu ya paa la shule ya kwenu."

"Na betri ikizeeka?"

"Moja mpya ni laki mbili na nusu."

Murunga akapiga mluzi. "Baada ya muda gani?"

"Miaka minane," Isaac akasema, "kama hakuna anayeinyanyasa."

Nikaitazama ile taa ya kijani.

"Gari na betri zote mbili," Murunga akasema. "Moja sitaki. Kwetu maji hayangoji mtu achaji. Lori langu liko barabarani, na lazima nirudi leo." Halafu akanigeukia. "Mama, wewe ndiye unakaa na hili gari. Betri ni nzima?"

Muema alinitazama. Isaac alinitazama.

"Imejaa, baba," nikasema.

Ni uongo mfupi kuliko wote niliowahi kusema, na nitaulipia muda mrefu.

Kulikuwa na jambo la njia. Haikuwa Jumapili. Lakini Maggie alikuwa ameshazunguka tangu asubuhi.

"Nyinyi!" alipiga kelele. "Meza ndani! Kinyozi, inua hicho kibaraza, hakuna mtu atakunyolea wateja! Susu anaenda kuona ng'ombe wake wa stima akiuzwa!"

Mama wa chapati alizima jiko likiwa na chapati juu. Kinyozi alisimama na mteja wake aliyenyolewa upande mmoja, wote wawili wameshika ubao juu ya vichwa. Hakuna aliyedai senti. Chura akapita akikwaruza mabati pande zote mbili.

Mlango wangu ulifunguka kwa mara ya kwanza siku ya Alhamisi. Nikatoka kama watu wengine. Nilitamani kurudi ndani.

Mtoni maji yalikuwa yamepanda. Kumbe mvua ilikuwa imenyesha huko juu. Maji yalikuwa ya rangi ya chai, yamebeba chupa na mifuko.

"Hivi ndivyo ninavyotaka," Murunga akasema. "Ziwa la hoteli halinihusu. Nusu saa humu ndani, kupanda na kushuka, nalipa." Kisha akaniashiria. "Na Mama apande."

"Mama wa nini?" Muema akauliza.

"Nimeuziwa vitu vingi. Mtu hampandishi mama yake kwenye kitu kibovu."

Ningekataa, angejua. Nikapanda. Muema akashika usukani, Murunga akakaa nyuma yangu, na Chura akaingia majini kama ng'ombe anayekwenda kunywa.

Akaelea!

Watu ukingoni walipiga makofi. Nilimwona Maggie akicheza. Magurudumu manane yalikuwa yanazunguka ndani ya maji, na ndiyo yaliyokuwa yanatusukuma. Kushuka kulikuwa raha. Dakika kumi za kwanza Murunga alikuwa anatabasamu peke yake.

Halafu tukageuka kupanda.

Mkondo ulitusukuma kifuani. Mifuko ya plastiki ikaanza kujisokota kwenye magurudumu. Gari likawa linanguruma na halisogei, nami macho yangu yalikuwa kwenye ile taa.

Manjano.

"Mwaitu, umeona?" Muema akasema kwa Kikamba. "Mapema hivi?"

Nikashika ukingo wa kiti.

Nyekundu.

Kisha kukawa kimya. Chura alinyamaza kabisa, na mto ukatuchukua. Tulizunguka mara moja, mara mbili, ubavu wa gari ukagonga nguzo iliyobaki ya daraja la zamani. Hapo ndipo tulipong'ang'ania, katikati ya mto, maji yanatupiga upande mmoja na nguzo imetushika upande wa pili. Mbele hapaendeki, nyuma hapaendeki.

Murunga hakupiga kelele. Alishika kiti changu kwa mikono miwili ili nisianguke. "Tulia, Mama," alisema. "Niliwahi kukaa juu ya paa siku tatu." Mtu aliyekuwa anadanganywa ndiye aliyekuwa ananishika.

Kisha akamwambia Muema, kwa sauti ile ile ndogo, "Betri kama hii sinunui hata kwa elfu hamsini."

Muema alisimama ndani ya gari. Hakunitazama mimi. Alitazama ukingoni.

"Isaac! Umeniua! Umenitengenezea takataka, umeniua!"

"Betri zangu ni nzima!" Isaac akajibu. "Lete mita upime!"

"Mwizi wewe!"

Mnajua neno hilo likitamkwa hapa kwetu hufanya nini. Vijana wawili ambao hata hawakujua habari ilianzia wapi wakamgeukia Isaac. Mmoja akamshika ukosi wa shati. "Mzee, unaua mathe wa watu?" Mwingine akainama kuokota jiwe.

Isaac hakukimbia. Alinitazama mimi, kule ng'ambo ya maji. Nadhani alijua. Nadhani alikuwa amejua tangu siku ya kifungo, na hakutaka kunitaja mbele ya mwanangu.

Na pembeni yake kulikuwa na watu wanashuka majini na kamba. Ilikuwa kamba ya turubai ya Maggie. Aliyetangulia mbele, maji yakimfika kiunoni, alikuwa Everlyne.

Nikisema kweli, kaburi la mume wangu litarudi, kwa sababu betri ni nzima. Nikisema kweli, gari litaondoka leo na betri zote mbili, na mtungi wa Ogola ni wa mpaka jioni. Nikinyamaza, jiwe lile litamfikia Isaac.

"Mwacheni!" nilipiga kelele. Sijui sauti ilitoka wapi. "Mwacheni fundi! Betri ni nzima! Ni mimi!"

Kijana akaacha ukosi.

"Mwaitu?" Muema akasema.

"Nimempa Ogola stima. Mashine yake ya kupumua. Wiki tatu sasa. Jana nilichomeka adhuhuri, nikachomoa leo asubuhi. Nilikuapia kwa kaburi la baba yako, na nimevunja kiapo. Isaac hana kosa. Nilikaa kimya ukimtukana."

Muema alikaa chini polepole, kama mtu aliyeambiwa na daktari akae. Bora angenifokea.

Murunga ndiye aliyezungumza. "Mama, mashine ya kupumua, ile ya hospitali?"

"Ndiyo, baba."

"Adhuhuri mpaka asubuhi. Tuseme masaa kumi na tisa."

"Hivyo."

"Na baada ya hapo bado imetuvuta humu, na mkondo huu?" Akageukia ukingoni, akapaza sauti kwa mara ya kwanza. "Fundi! Umetengeneza betri!"

Isaac alikuwa anajifuta uso kwa kofia.

"Nachukua," Murunga akamwambia Muema. "Laki nane na nusu kamili. Mtu anihakikishie kwamba naondoka na betri zote mbili leo."

Muema alitoa simu mfukoni. "Yule wa mkokoteni ameshatoka Kawangware na betri ya pili. Nimwambie aishushe kwenye lori, asifike nyumbani."

"Ngoja," Murunga akasema.

Alikuwa anawatazama wale waliokuwa wanatujia na kamba. Alikuwa anamtazama yule wa mbele.

"Huyo mwanamke ni nani, Mama?"

"Ni Everlyne. Mke wa Ogola."

Maji yalikuwa yanatupiga ubavuni. Murunga akaniambia, "Kwetu kuna watu mia mbili wanaoishi kwenye tuta la mto, na mvua ya wiki ijayo imeshatangazwa. Siwezi kukuachia hata betri moja. Lakini siwezi pia kuzibeba bila neno lako. Shamba lililouzwa ni lako, na aliyechomeka waya ni wewe. Sema wewe. Niite lori, au nisiite?"

Muema akainua uso. Nilimwona mtoto wangu akisali bila kufumba macho.

Kamba ilirushwa ikanipiga kifuani, nikaidaka. Everlyne alikuwa hatua nne tu kutoka kwangu, maji yamemfika kifuani. Alikuwa amesikia kila neno. Alikuwa amemsikia Murunga akisema leo, na alikuwa amemsikia Muema akisema mkokoteni usifike nyumbani.

Aliizungusha kamba mkononi mwake mara mbili zaidi, akaikaza.

"Shika vizuri, Susu," alisema. "Nakuvuta."